Kokoto Ndani ya Kokoto: Kwa Nini Chembe Huingiliana Kwenye Uigaji wa Kompyuta

Dada mmoja anayesomea uhandisi alinifungulia kompyuta yake akiwa amekaribia kukata tamaa. Kwenye skrini kulikuwa na boksi refu jembamba lililojaa mipira ya kijivu. Mipira ile ilikuwa kokoto 12,000, na alikuwa ameandika skripti ili aone zitajipangaje zikimiminwa kutoka juu. Za juu zilikaa vizuri. Za chini zilikuwa zimelana, moja imezama ndani ya nyingine kama maandazi yaliyoshikana kwenye karai.

"Jiwe haliingii ndani ya jiwe," aliniambia. "Nimeambiwa nipunguze hatua ya muda, nimepunguza mara kumi, picha ni ileile. Nimeambiwa niongeze ugumu, nimeongeza, kokoto zote zikaruka nje ya boksi. Sasa nifanye nini?"

Swali hili hunifikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaoanza kazi hii, na kila mara nakuta wamekwisha kupewa dawa tatu au nne kabla ya mtu yeyote kumpima mgonjwa. Kuingiliana kwa chembe kuna sura nyingi. Kupo kwa lazima, ambako bila huko hesabu haifanyiki. Kupo kwa kosa. Na kupo ambako hakupo kabisa, macho tu yamedanganywa. Tukivitenganisha, dawa hujitokeza yenyewe.

Tuanze na maneno

Uigaji huu hujulikana kwa kifupi cha DEM, kutoka jina lake la Kiingereza, Discrete Element Method. Wazo lake ni jepesi: badala ya kulichukulia rundo la mchanga, mahindi au kokoto kama kitu kimoja kinachotiririka, kompyuta hufuatilia kila punje peke yake. Iko wapi, inakwenda kasi gani, inazunguka vipi, inagusana na nani. Peter Cundall aliianzisha mwaka 1971 kwa ajili ya miamba iliyopasukapasuka, na mwaka 1979 yeye na Otto Strack wakachapisha makala kwenye jarida la Géotechnique wakiitumia kwa chembe za mviringo. Leo inasaidia kubuni vihenge vya nafaka, mashine za kusaga mawe, mikanda ya kubebea madini, hata namna dawa za unga zinavyochanganywa kiwandani. Zipo programu za bure, kama YADE na LAMMPS. Mtumiaji huandika skripti, yaani maelekezo ya mstari kwa mstari: weka chembe ngapi, za ukubwa gani, ngumu kiasi gani, ziache zianguke.

Chembe kwenye skripti nyingi ni tufe, mpira kamili. Hatua ya muda ni ule muda mfupi ambao kompyuta huuruka kabla ya kutazama tena. Yenyewe haioni muda ukitiririka kama tunavyouona sisi, inaona picha moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Na chembe mbili huhesabiwa kuwa zimeingiliana pale umbali kati ya vitovu vyake unapokuwa mdogo kuliko jumla ya nusukipenyo zake. Kokoto mbili zenye nusukipenyo ya milimita 5 zikigusana tu, vitovu viko milimita 10. Vikiwa milimita 9.8, mwingiliano ni milimita 0.2. Hakuna hesabu nyingine iliyofichika hapo.

Mizani ya buchani

Imani ya kwanza ya kuondoa ni kwamba mwingiliano wowote ni kosa. Fikiria mizani ya springi inayoning'inizwa buchani. Nyama inapowekwa, springi inavutika na mshale unashuka. Springi isipovutika, mizani haisomi kitu hata ukiweka ng'ombe mzima. Ule mvutiko ndio unaobeba habari ya uzito.

Kwenye DEM ya kawaida, kati ya kila chembe mbili zinazogusana kuna springi ya kufikirika. Kompyuta hupima mwingiliano, huuzidisha kwa ukakamavu wa springi hiyo, na matokeo ndiyo kani ya kuzisukuma zitengane. Mwingiliano ukiwa sifuri, kani ni sifuri, na kokoto ya juu haina kitu cha kuizuia isiendelee kushuka. Kwa hiyo kokoto iliyotulia juu ya nyingine lazima iwe imezama kidogo. Kule kuzama ndiko kunakoibeba.

Jambo hili lina mizizi kwenye mawe yenyewe. Heinrich Hertz alionyesha mapema miaka ya 1880 jinsi vitu viwili vya mviringo vinavyobonyea na kuwa bapa kidogo vinapogandamizwa. Kompyuta ikijaribu kubonyeza kila tufe, kazi haitaisha. Inaliacha lile tufe likiwa la mviringo, halafu inaruhusu liingie kidogo ndani ya jirani yake. Mwingiliano unasimama mahali pa bonyeo. Zipo mbinu zisizoruhusu mwingiliano kabisa, ambazo hukokotoa ni lini mgongano ujao utatokea na kurukia hapo. Wanafizikia Alder na Wainwright walizitumia tangu miaka ya 1950. Zinafaa chembe zinaporuka mbalimbali hewani. Kwenye rundo, ambako punje zimeegemeana kwa muda mrefu, huleta taabu.

Basi swali linalofaa kuulizwa ni kiasi gani, na hapa inabidi tushike kalamu.

Chukua kokoto yenye kipenyo cha sentimita 1 na densiti ya kilo 2,600 kwa mita ya ujazo. Ina gramu 1.36, na uzito wake ni newton 0.0133. Kwenye sheria rahisi ya mgusano ya YADE, ukakamavu wa springi kati ya kokoto mbili zinazofanana ni moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa kitu, mara nusukipenyo. Ukiandika moduli ya pascal milioni 10, unapata newton 50,000 kwa mita. Kokoto moja ikikaa juu ya nyingine, inazama milimita 0.00027. Huwezi kuiona hata ukivuta picha. Panga mnara wa kokoto 100, kimo cha mita moja, na ile ya chini kabisa inabeba mara mia: inazama milimita 0.027, nusu ya asilimia ya nusukipenyo. Bado hakuna tatizo.

Sasa badilisha namba moja tu. Andika moduli ya pascal laki moja badala ya milioni 10. Kila mwingiliano unakuwa mara mia, na kokoto ya chini inazama milimita 2.7, zaidi ya nusu ya nusukipenyo yake. Hiyo ndiyo picha niliyoonyeshwa. Yule dada alikuwa amenakili namba ya ugumu kutoka skripti ya mtu aliyekuwa akiiga mipira laini ya povu.

Kwenye kihenge halisi hesabu hii ya mnara huzidisha mambo, maana kuta hubeba sehemu ya mzigo kwa msuguano. Mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alilionyesha hilo mwaka 1895 kwa kupima mkandamizo wa nafaka: ukiendelea kujaza, mzigo wa sakafuni hufika mahali ukaacha kuongezeka. Lakini boksi la dada lilikuwa na kuta zisizo na msuguano, kwa hiyo uzito wote ulishuka mpaka chini. Dalili ya ugumu mdogo ndiyo hiyo: mwingiliano unaokua taratibu kadiri unavyoshuka kwenye rundo, tulivu, bila kurukaruka, usiobadilika hata ukipunguza hatua ya muda. Kokoto imezama kwa sababu springi yake ni dhaifu. Hata ukiitazama mara milioni kwa sekunde, itabaki palepale.

Kwa nini usiandike ugumu wa jiwe halisi?

Wengi hufikia wazo hili, nami naliheshimu kwa sababu linatoka kwenye nia ya kuwa mkweli. Moduli ya granaiti ni kama pascal bilioni 50. Iandike hiyo, na mwingiliano utatoweka machoni. Gharama yake inatokea kwingine.

Msukumo hupita ndani ya kokoto kama habari inavyopita kutoka nyumba hadi nyumba, na jiwe gumu huipitisha haraka kuliko laini. Kompyuta ikikaa muda mrefu kuliko ule ambao habari inachukua kuvuka nusukipenyo ya chembe, inatoa uamuzi kwa habari iliyopitwa na wakati. Kwa moduli ya pascal milioni 10, kasi ya habari hiyo ni kama mita 62 kwa sekunde, na mpaka wa hatua ya muda kwa kokoto yetu ni sekunde 0.00008. Kwa ugumu wa granaiti, kasi inakuwa karibu mita 4,400 na mpaka unashuka hadi sekunde 0.0000011, mara sabini na zaidi. Kazi ya saa moja inakuwa ya karibu siku tatu. Ndiyo maana watu huzilainisha chembe zao kwa makusudi, na hakuna udanganyifu ndani yake ilimradi mwingiliano ubaki mdogo.

Mdogo kiasi gani? Wengi hujiwekea mpaka wa asilimia 1 ya nusukipenyo kwa rundo lililotulia, na mimi naukubali kama pa kuanzia. Lakini tazama unapima nini. Chembe zikiingiliana kwa asilimia 5 ya nusukipenyo, vitovu vimesogeleana kwa asilimia 2.5, na ujazo wa rundo zima umepungua kwa asilimia 7 hivi. Kama swali lako ni kihenge kitachukua nafaka kiasi gani, kosa la asilimia 7 ni kubwa mno. Kama unataka tu kujua punje zitaelekea upande gani wa mkanda, huenda halikudhuru.

Uhusiano huu wa ugumu na hatua ya muda ndio ninaotamani kila anayeanza aushike, kwa sababu dawa mbili zinazotolewa sana, kuongeza ugumu na kupunguza hatua, hutolewa moja moja wakati zimefungwa kamba moja. Ugumu ukiuongeza mara mia, hatua ya muda lazima ipungue mara kumi. Ukisahau upande mmoja, upande wa pili unalipuka.

Kwanza, je, zimeingiliana kweli?

Kabla hujagusa skripti, usiamini picha. Programu za kuchorea zina vipimo vyake. Kwenye ParaView, kwa mfano, tufe la msingi huja likiwa na nusukipenyo ya 0.5. Ukilikuza kwa kutumia nusukipenyo za chembe, inabidi uzidishe kwa 2 ili ukubwa uwe sahihi; ukilikuza kwa kutumia kipenyo, unazidisha kwa 1. Mtu anayechanganya hizi mbili, akaweka kipenyo na bado akazidisha kwa 2, anachora kokoto zenye ukubwa maradufu. Rundo zima litaonekana limelana na hakuna kilichoharibika. Nimewahi kukaa jioni nzima nikitafuta hitilafu kwenye hesabu iliyokuwa safi kabisa.

Andika mistari michache inayopitia kila jozi ya chembe zinazogusana, ikokotoe jumla ya nusukipenyo kutoa umbali wa vitovu, kisha ichapishe mwingiliano mkubwa kuliko wote na mahali ulipo. Ichapishe kila baada ya hatua elfu moja. Namba hiyo moja itakuambia lini na wapi, na hayo mawili ndiyo nusu ya jibu.

Tatizo la hatua ya sifuri

Mwingiliano ukiwa tayari mkubwa kabla chembe hazijaanza kusogea, acha kufikiria ugumu na muda. Kosa liko kwenye namna ulivyozipanga.

Chukua kokoto zetu mbili zilizoingiliana milimita 2 tangu mwanzo kwa sababu skripti iliziweka popote bila kuangalia. Springi iliyogandamizwa milimita 2 ina nishati ya jouli 0.1. Ni ndogo kuisikia, lakini kokoto ni nyepesi: ikigawanywa sawa, kila moja inarushwa kwa mita 8.6 kwa sekunde, kasi ambayo ingeipata kwa kuanguka kutoka zaidi ya mita 3 na nusu. Sasa weka jozi elfu kadhaa za namna hiyo. Sekunde ya kwanza rundo zima linalipuka kama bisi kwenye sufuria isiyo na kifuniko, na mtu analaumu kani ya uvutano.

Mara nyingi chanzo ni kuomba kisichowezekana. Tazama machungwa yalivyopangwa sokoni, kila moja limekalia kishimo kati ya yaliyo chini yake. Mpango huo hujaza asilimia 74 ya nafasi. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mpango bora zaidi, na ilichukua mpaka mwaka 1998 kwa Thomas Hales kutangaza uthibitisho. Mipira inayofanana ukiimimina ovyo na kuitikisa, inafika kama asilimia 64. Lakini ukiiweka mmoja mmoja mahali pa kubahatisha, bila kuisogeza, ukikataa kila unaogusa wenzake, unakwama kwenye kama asilimia 38.

Kwa hiyo boksi la lita 1 haliwezi kupokea kokoto 1,500 za sentimita 1. Hiyo ni karibu asilimia 79, na hata muuza machungwa hodari kuliko wote hawezi. Skripti inayoangalia itazunguka bila mwisho ikitafuta nafasi. Isiyoangalia itazirundika moja juu ya nyingine. Na ukitaka asilimia 60, usizipande kwa kubahatisha ndani ya boksi lenyewe. Fanya kama dada alivyofanya, na hapo alikuwa sahihi: aliongeza kimo hadi mita 3, akazitawanya kokoto zake 12,000 angani kwa asilimia 21 ya nafasi, akaziacha zianguke zijipange zenyewe.

Kuna kosa la hatua ya sifuri ambalo ni baya zaidi. Kitanzi cha skripti kikizunguka mara mbili, au faili lilelile likisomwa mara mbili, kila chembe inapata pacha aliyekaa mahali palepale. Umbali wa vitovu ni sifuri. Ili kujua isukume upande gani, kompyuta lazima igawanye kwa umbali huo, na kugawanya kwa sifuri kunazaa "nan", alama yake ya kusema hii siyo namba. Inaambukiza kila inachokigusa, na baada ya hatua chache skrini ni tupu. Ukiona chembe zimetoweka zote kwa pamoja, hesabu kwanza ulikuwa nazo ngapi.

Mlangoni pia kuna msongamano. Wanaoingiza chembe moja moja wakati kazi inaendelea husahau kwamba iliyotangulia haijapisha. Kokoto inayoachwa ianguke kutoka kutulia, baada ya sekunde 0.01 imeshuka nusu milimita tu. Ukiweka nyingine palepale, umeiweka ndani yake. Inahitaji karibu sekunde 0.045 kushuka sentimita 1. Subiri muda huo, au ipe kasi ya kuanzia.

Anayetembea amefumba macho

Mtu anayevuka chumba akifumbua macho mara moja kila baada ya sekunde tatu, ataujua ukuta akiwa ameshaugonga. Hatua ya muda ikiwa kubwa, chembe iko hivyo.

Kokoto inayokuja kwa mita 6 kwa sekunde na hatua ya sekunde 0.001 husafiri milimita 6 kwa mruko mmoja, zaidi ya nusukipenyo yake. Picha moja iko juu ya sakafu, inayofuata imezama milimita 6. Springi inajibu kwa newton 300 dhidi ya kitu cha gramu 1.36. Mruko unaofuata, kokoto iliyoingia kwa mita 6 kwa sekunde inatoka kwa zaidi ya 200. Nishati hiyo haikutoka popote isipokuwa kwenye kutotazama. Mgongano wenyewe kati ya kokoto hii na sakafu hudumu kama sekunde 0.0005, kwa hiyo hatua ya 0.001 inauruka mgongano mzima.

Dalili zake ni tofauti na za ugumu mdogo. Mwingiliano unatokea ghafla, hapa na pale, kwenye chembe zenye kasi, halafu zinaruka. Kipimo chake ni rahisi: gawa hatua kwa mbili, endesha tena. Mwingiliano mkubwa ukibadilika sana, hatua ndiyo mkosaji. Ukibaki uleule, mwache. Ulikuwa unamshtaki asiyehusika. Na chembe zako zikiwa za ukubwa tofauti, kumbuka kwamba ndogo kuliko zote ndiyo inayopanga mpaka. Punje chache za vumbi ndani ya kokoto zinatosha kuharibu hatua iliyokuwa nzuri.

Hata hatua sahihi haiondoi mwingiliano wa kishindo. Kokoto iliyoanguka mita 2 hugonga kwa mita 6.26 kwa sekunde, na kwa ukakamavu wa newton 50,000 kwa mita itazama milimita 1 kabla ya kurudi, asilimia 20 ya nusukipenyo. Hiyo ni kweli ya springi, siyo hitilafu. Kama unachotaka ni rundo lililotulia mwishoni, iache ipite. Kama unapima nguvu ya kishindo au mawe kuvunjika, ongeza ugumu na ulipe gharama ya muda.

Zimeingiliana na hakuna anayesukuma

Sura ya nne ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu iko kimya. Chembe zinapita ndani ya nyingine au ndani ya ukuta kama kivuli, hakuna mlipuko, hakuna kani. Springi haikufungwa kabisa.

Kompyuta haipimi kila chembe dhidi ya kila nyingine. Kwa kokoto 12,000 hizo ni jozi karibu milioni 72 kwa kila hatua. Huweka orodha ya majirani wa karibu na kuipitia hiyo tu, ikiisasisha mara kwa mara. Orodha ikichelewa, mgeni anayekuja kasi anaingia ndani bila kuandikishwa. LAMMPS ina ukarimu wa kuhesabu mara ambazo orodha huenda ilichelewa na kuiandika mwishoni mwa kazi. Watu wengi huwa wameshafunga faili kabla ya kufika hapo. Isome. Ikiwa zaidi ya sifuri, sasisha orodha mara nyingi zaidi au panua eneo linalohesabiwa kuwa ujirani.

Upande wa YADE, kila aina ya mgusano lazima itajwe kwa jina. Ukitaja tufe kwa tufe ukasahau tufe kwa ukuta uliojengwa kwa vipande vya pembetatu, kokoto zitagongana vizuri zenyewe kwa zenyewe huku zikidondoka kupita sakafu kana kwamba haipo. Kwa injini ya hesabu, kweli haipo.

Kuna mwingiliano mmoja ambao haupaswi kuguswa. Ili kuiga umbo la punje ya mahindi, watu huunganisha matufe kadhaa yanayoingiliana kuwa kitu kimoja kigumu. Ndani ya kundi hilo hakuna kani, kwa hiyo hakuna kosa. La kuangalia ni uzito: ukijumlisha tu uzito wa kila tufe, sehemu zinazoingiliana umezihesabu mara mbili na punje yako ni nzito kuliko inavyostahili.

Dawa zinazoficha ugonjwa

Ufifishaji ndio unaoongoza. Ni kipengele kinachonyonya nishati ili rundo litulie haraka, na kwa kazi hiyo ni halali. Lakini kuupandisha ili kuzima mlipuko ni kufunika sufuria ya bisi kwa nguvu: mwingiliano wa mwanzo ulikuwepo, nishati ya uongo iliingia, wewe umezima kelele tu. Aina ambayo Cundall aliitumia hupunguza kani inayoendesha mwendo, kwa hiyo ikiwa juu inaweza hata kufanya kokoto zianguke polepole kuliko dunia inavyovuta, na vipimo vyote vya mwendo vikapotoka.

Kufuta chembe zilizoingiliana mwanzoni kunakubalika zikiwa chache na ukijua umefuta ngapi. Kuzisogeza taratibu ni bora: LAMMPS ina njia ya kuweka kikomo cha umbali ambao chembe inaweza kusafiri kwa hatua moja, ili zijitenganishe bila kurushana. Ukitumia njia hiyo, iondoe kabla ya kuanza kupima. Nimeona matokeo ya wiki nzima yakitupwa kwa sababu kikomo kilisahaulika ndani ya skripti.

Turudi kwa dada. Mwingiliano wa hatua ya sifuri ulikuwa sifuri. Mwingiliano wa mwisho ulikua kwa kina, taratibu, hadi zaidi ya nusu ya nusukipenyo sakafuni, na kupunguza hatua hakukuubadilisha. Hayo yote yalielekeza kwenye ugumu. Alipoupandisha mara mia mwenyewe, alikuwa ameirudisha hatua kwenye sekunde 0.0005 ya awali. Kwa moduli ya laki moja mpaka ulikuwa sekunde 0.0008 na alikuwa salama. Kwa milioni 10 mpaka ulikuwa 0.00008, naye akawa amevuka zaidi ya mara sita. Kila dawa aliijaribu peke yake, na kila moja peke yake ilishindwa.

Aliandika moduli ya milioni 10 na hatua ya 0.00004 kwa pamoja, akaacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi alinitumia picha mbili za boksi lilelile zikiwa bega kwa bega. Kokoto zilikuwa 12,000 kwenye zote mbili, lakini rundo jipya lilikuwa refu zaidi kwa sentimita kadhaa, kimo ambacho mawe yalikuwa yamekimeza.